Kula Mbele ya Mkwe

Binti yangu aliniambia tu kwamba Jumapili mchana kuna magari ya chakula ufukweni, twende tukale. Hakuniambia nani yumo ndani ya gari. Nikafika, nikamwona kijana aliyeleta posa ya kumwoa, amevaa aproni, anageuza samaki wa mukeke motoni ndani ya kamyoneti, pikapu iliyokatwa dirisha ubavuni. Posa yenyewe nilikuwa sijaijibu. Sikumjua vizuri, na sikuwa na haraka.

"Mama, karibu! Hii iko yako," akasema, akinipa sahani dirishani: mukeke mzima, ndizi za kukaanga, pilipili pembeni.

Nikapokea kwa mikono miwili, lakini sikuionja.

Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Huko mama yangu alitufundisha adabu za Burundi ambayo yeye mwenyewe hakuiona tena, na hii aliisisitiza kuliko zote: mama mkwe hatii kitu kinywani mbele ya mkwe wake. Niliporudi Burundi, hapa Rumonge, nikakuta baadhi ya adabu zake watu wanazishika na nyingine wanazicheka. Hii iko upande gani? Mpaka siku ile sikujua, na niliona aibu kuuliza.

Nikila, huenda kijana akaniona mwanamke asiye na adabu. Nisipokula, nimekataa samaki wake mbele ya foleni nzima ya wateja. Nikatafuta pa kukaa nimpe mgongo, lakini viti vyote vya plastiki vilielekezwa kwenye gari, na kila kimoja kilikuwa na mtu. Nikageuka huku, nikageuka kule, kama kuku aliyefungwa mguu.

"Mama, haupendi?" binti yangu akaninong'oneza.

"Napenda."

"Sasa?"

Nilimkasirikia kwa kunileta. Ningemweleza nini pale, na spika zinapiga kelele?

Kijana akanitazama, akaitazama sahani. Halafu akawaambia wateja, "Mumbabarire, mnisamehe, nafunga kidogo," akashusha bati la dirisha.

Watu wakaguna. Mmoja akauliza kama samaki zimekwisha. Mimi nikadhani nimemuudhi.

Sauti yake ikatoka nyuma ya bati: "Kula pole pole, Mama. Siko nakuona."

Nikala nimesimama, machozi yananitoka, na sikujua ni ya pilipili au ya nini. Yeye alikuwa amejifungia na moto wake. Moshi ulianza kutoka kwenye nyufa, nikamsikia akikohoa, akijizuia, akikohoa tena. Samaki alikuwa hajafika nusu. Nikaifunika sahani kwa kitenge, nikagonga bati kwa kiganja.

"Fungua, mwanangu! Moshi utakuua humo."

Binti yangu alisikia nilivyomwita kijana mwanangu, na posa bado sijaijibu. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.