Alama za Ijumaa

Usiniambie habari za malengo. Niliyapenda kuliko mtu yeyote, na mpaka leo yananiamsha nikiwa nimelowa jasho.

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi katika zahanati moja huko Mbeere, kwenye joto na miiba, mimi mtoto wa baridi ya Githongo. Kazi yangu ilikuwa kuwatembelea wagonjwa wa kifua kikuu majumbani, na nakiri nilikuwa ovyo. Nilitoka asubuhi bila mpango, wiki ikaisha nimeona watu watatu. Kisha tukaitwa semina Embu mjini. Mwalimu akatuambia: Jumatatu andika lengo, Ijumaa jipe alama kwa kumi, na usijidanganye. Nikanunua daftari. Ala! Kumbe nilikuwa na nguvu hizi zote? Lengo langu lilikuwa nyumba kumi kwa wiki, na mwezi haukuisha kabla sijalikaribia kabisa. Mkubwa wangu akanisifu mbele ya wenzangu, nikavimba kichwa.

Nyumba moja tu ilinikera, ya mzee mfuga mbuzi ng'ambo ya mto. Kwenda na kurudi ilikuwa siku nzima, na kwenye daftari ilihesabiwa moja, sawa na ya jirani wa zahanati. Nilikuwa nimefika kwake mara moja. Alinitania, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akacheka mpaka akakohoa. Nilimwachia mikebe miwili ya dawa nikamwambia, "Mzee, huu wa kwanza utakutosha mwezi mmoja; huu wa pili usiufungue mpaka nije nikuone."

Kila Jumatatu nilimwandika mwishoni mwa orodha. Kila Ijumaa nilimsukuma wiki ijayo, nikajipa tisa. Tisa! Nimekosa nyumba moja, nimejikata alama moja. Nani angesema najidanganya?

Baada ya miezi miwili hivi mke wake akaja zahanati kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Akaweka mkebe mezani. Haukuwa umefunguliwa.

"Tumemzika Jumanne, daktari," akasema kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama. "Nimerudisha dawa, isaidie mwingine."

Niliogopa. Na mimi nikiogopa hugomba, kwa hiyo nikamgombeza mjane. "Sasa mama, mbona hamkuufungua? Mbona hamkutuma mtu?"

Hakukasirika. Afadhali angenitukana.

"Wewe ulisema tusifungue mpaka uje. Mimi nilitaka kuja kukuita, yeye akakataa. Alisema huyo mtoto ana kazi mingi, tusimsumbue, atakuja tu. Kila asubuhi alikuwa ananiambia nifagie kiwanja, daktari asikute uchafu."

Nilitaka kumwambia kila kitu. Maneno nilikuwa nayo, yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini wagonjwa walikuwa kwenye benchi wakisikiliza, na mkubwa wangu alikuwa amesimama mlangoni.

Mama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa kazi nzuri ninayowafanyia watu wa kwao. Nikasema, "Asante, mama."