Nilivyomshukuru Mungu kwa Choo

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka ninyi, maana habari hii kule kwetu upande wa Nyarugusu inajulikana mpaka leo, na wapo watu wakinikuta njiani hawaniiti Mama Kulwa kama mlivyozoea ninyi, wananiita Mama Choo, na mimi naitika. Zamani nilikuwa nakasirika. Nikachoka.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Mimi na mume wangu, Baba Kulwa, tulikuwa tumehama Kishapu baada ya ukame kutumalizia ng'ombe wote, tukaja huku Geita tukapewa eneo hapo Nyarugusu, tukalima mhogo na pamba kidogo. Sasa Msukuma akikosa ng'ombe hata ukimsalimia anakuitikia nusu. Mume wangu alikuwa na wazo moja tu kichwani, apate ng'ombe tena, hata wawili tu wa kuanzia, na usiku nilikuwa namsikia usingizini anaswaga mifugo. Mimi nilikuwa na mapacha wangu, Kulwa na Doto, na nilikuwa na kanisa.

Kanisani nilikuwa na jina. Si jina la choo, hapana, jina zuri: muombaji. Mama yangu alinifundisha kwamba Mungu anaelezwa vizuri, kama unavyomweleza mgeni asiyejua kwako, apite wapi, akate kona wapi, kwa hiyo mimi nikimwombea mgonjwa nasema ni wa nyumba ipi, anaumwa mguu gani, wa kulia au wa kushoto, na dawa alizokwisha kunywa. Waumini walipenda. Walikuwa wanasema Mama Kulwa akiomba, Mungu hawezi kukosea nyumba. (Na mimi nikisikia hivyo kichwa kinavimba, msinione mnyenyekevu hivi.) Baba Kulwa yeye kanisani hakuwa anakanyaga. Alisema mimi namtosha Mungu kwa nyumba nzima.

Basi, bwana afya akapita nyumba kwa nyumba, kila kaya iwe na choo, asiye nacho faini. Baba Kulwa akaanza kuchimba choo kule pembeni kwenye mhogo. Akachimba, akachimba, alipozama mpaka kichwa hakionekani akagonga jiwe jeupe, akalipandisha juu kwa ndoo, akaligeuzageuza juani. Mume wangu aliwahi kubeba kifusi kwenye machimbo ujanani, jiwe la namna ile alikuwa analijua. Tukajifungia ndani, tukalitwanga, tukauosha ule unga kwenye karai, na pale chini ya karai kikabaki kitu cha njano, dhahabu, kidogo kama punje ya mtama. Baba Kulwa alikaa chini sakafuni akacheka peke yake. Mimi nililia.

Tukakubaliana: choo ni choo. Yeyote akiuliza, tunachimba choo. Na watu waliuliza kweli, maana siku zilikuwa zinakwenda na shimo halifikii mwisho. Mzee Shija, jirani yetu, mzee wa kanisa mwenye koti lake la kaki la Jumapili, alisimama barabarani akapiga kelele, "Baba Kulwa, hicho choo mnategemea wageni wangapi?" Mume wangu akamjibu kutoka shimoni kwamba udongo wa huku ni laini, lazima kiende chini. Mzee akaenda zake. Tulikuwa tunakusanya kidogo kidogo kwenye kichupa cha dawa, na kila jioni Baba Kulwa anakitikisa mbele ya taa, anasema huyu ni ng'ombe dume, huyu ni jike.

Jumapili moja asubuhi nikiwa nafunga kitenge, mume wangu akanishika mkono. Akaniambia, "Mama Kulwa, nakujua. Leo usimwambie mtu."

Nikamwambia, "Sitamwambia mtu."

Na jamani, sikumwambia mtu! Hapo ndipo watu hawanielewi mpaka leo. Njiani nilitembea na rafiki yangu Mama Kabula, ananiuliza mbona umenawiri, nikasema ni mafuta ya nazi. Nilikuwa nimefunga mdomo kama gunia la pamba lililoshonwa tayari kwa mnada.

Tukaimba, tukasomewa, halafu Mwinjilisti Elia akasimama akasema leo ni siku ya shukrani, tufumbe macho, na Mama Kulwa atatuongoza. Ningeweza kusema naumwa koo. Ningeweza kusali sala fupi ya mvua na wagonjwa nikakaa. Lakini mtu umesimamishwa mbele ya kanisa zima kumshukuru Mungu, na jambo kubwa kuliko yote aliyokutendea tangu uzaliwe umelificha, nikaona nikilipita kimya nitakuwa nimemdharau. Nikafumba macho, nikaanza.

Nikashukuru kwa mvua, nikashukuru kwa mtoto wa Mama Kabula kupona surua, halafu nikasema, "Na mimi mjakazi wako, Bwana, nakushukuru kwa ajili ya choo." Mtu mmoja akaguna kidogo. Nikaendelea. "Wewe unajua, Baba, kwamba kile si choo. Wewe ndiwe uliyemwonyesha mume wangu ule mwamba mweupe, pale pembeni kwenye mhogo, upande wa kisimani, na ukamwonyesha unavyokwenda kuelekea kwa Mzee Shija." (Hiyo ya kwa Mzee Shija sijui ilitoka wapi, Baba Kulwa alikuwa ameniambia usiku wa kuamkia siku ile.) "Mlinde, Bwana, maana hata sasa hivi yumo shimoni, na msamehe kwa kuchimba Jumapili, amesema leo watu wote wako huku, hakuna wa kumwona. Na uwafumbe macho wote wenye tamaa wasipaone."

Hapo nikasikia benchi linakwaruza. Nikasikia lingine. Nikasikia miguu, halafu miguu mingi. Nikadhani watu wanapiga magoti, kwamba roho imewagusa, na mtu ukiona watu wameguswa huwezi kukatisha, kwa hiyo nikapaza sauti, nikarudia habari za mwamba tangu mwanzo ili na wale wa nyuma wasikie.

Nikasema amina. Nikaitikiwa na sauti mbili.

Nikafumbua macho. Walikuwepo watoto, alikuwepo bibi mmoja asiyesikia ambaye bado alikuwa ameinamisha kichwa, alikuwepo Mama Kabula ameshika mdomo kwa mikono miwili, na mbele yupo Mwinjilisti Elia anaangalia mlangoni. Mabenchi ya wanaume yalikuwa matupu. Vitabu vya nyimbo viko chini. Mwinjilisti akakohoa, akasema, "Sadaka tutatoa Jumapili ijayo." Halafu akanisogelea akaniuliza taratibu kabisa, "Mayu, mama yangu, umesema upande wa kisimani, ni huku kwenye njia au kule nyuma?"

Nilivua viatu nikakimbia.

Nilipofika mhogo wangu ulikuwa umeshalala chini. Waumini wenzangu, na mashati yao meupe ya ibada, walikuwa wanachimba kila mmoja na shimo lake, na wawili walikuwa na majembe yangu mwenyewe, wameyatoa jikoni kwangu. Mzee Shija alikuwa amevua koti lake akaliweka kwenye mpaka wa shamba lake kama bendera, anawafukuza vijana kwa fimbo, kwake hakanyagi mtu. Saa za kula zilipofika walikuwa wameshakuja mpaka watu wa senta, kule madukani, na mama mmoja wa Kiislamu, muuza vitumbua, alikuwa amewasha jiko katikati ya matuta yangu, akanisalimia kwa heshima zote, akaniuliza kama najua mwenye shamba.

Baba Kulwa alikuwa amekaa juu ya kifusi chake, miguu inaning'inia shimoni. Hakuwa anapigana na mtu. Nikasimama mbele yake nikihema.

Akaniuliza, "Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Mama Kulwa."

"Nilimshukuru Mungu."

Akafikiri. "Kwa sauti?"

Nikaviangalia viatu vyangu mkononi. Akainamisha kichwa, akaanza kufuta udongo kwenye sululu kwa kidole, pole pole, mpaka chuma chote kikaonekana, halafu akashuka tena shimoni kuchimba. Afadhali angenipigia kelele. Roho iliniuma siku ile, siwafichi, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa kwikwi.

Kilichofuata ni kifupi. Waliochimba upande wa Mzee Shija waliukuta mwamba ulipo mnene, na shimo la mume wangu likabaki la mawe matupu. Haukupita muda mgambo wakaja wakafukuza watu wote, eti hakuna kibali, na sisi tukafukuzwa pamoja nao kwenye mhogo wetu wenyewe mpaka mambo yalipotulia. Kile kichupa tulikiuza, tukapata mbuzi wawili. Ng'ombe hatukupata. Wanaume walirudi kanisani Jumapili moja baada ya nyingine, wanaingia wameinamisha vichwa, na Mwinjilisti hakuwauliza, maana hata yeye kucha zake zilikuwa na udongo.

Sijaacha kusali, na sitaacha. Ila nikisimamishwa mbele ya watu siku hizi nashukuru kwa mvua na uzima basi, mahali na majina namwachia Mungu atafute, na nimeapa mambo ya nyumbani kwangu nitayasema moyoni, mdomo umefungwa. Watu wanadhani ni ile Jumapili iliyonifunza. Si ile.

Ni jioni moja baadaye, mbuzi wale wawili wanalia uani, nimeandaa ugali na mlenda, watoto wamekaa, na mimi kwa mazoea nimeshainamisha kichwa niombee chakula, Baba Kulwa, ambaye tangu anioe sijawahi kumsikia akitaja hata jina la Yesu, akaniwekea mkono begani akasema leo naomba mimi. Nikashangaa. Nikasema moyoni kumbe hasara yote ile imemleta kwa Bwana.

Akafumba macho. Akasema, "Mungu, mke wangu alikwisha kukueleza yote. Amina."

Watoto wakaitikia, tukala.