Ukuta ya Triplex mu Salon Yangu

Mukitaka kucheka, mucheke tu, sitakasirika, kwa sababu hii haya niliisha kuibeba mbele ya watu makumi mbili na zaidi, wengine wazazi wa wanafunzi wangu, na muntu akiisha kuonekana vile nilionekana mimi siku ile hana tena kitu ya kuficha. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Bweremana. Nafundisha watoto kugawanya eneo na kupima pembe, na siku moja nikagawanya salon yangu mwenyewe, ile sebule ya kupokea wageni, njo matatizo yote ikatokea pale (metre zilikuwa sawa kabisa, nisisikie muntu akisema nilipima mubaya).

Bibi yangu Espe alikufa. Watoto wetu walikuwa wameisha kuoa na kuolewa mbali, na mimi nikabaki karibu miaka miwili peke yangu mu nyumba ya mbao, salon na vyumba viwili, nikisikia tu mabati ikilia wakati jua inapanda. Kisha mudogo wa Espe, Vumilia, akafika kutoka Kirolirwe na watoto watatu, matela ya kulalia juu ya kichwa na bidoni ya maji mukononi, kwa sababu kule kwao vita ilifika, hakukuwa tena namna ya kulala, na bwana yake alikuwa mbali Walikale anatafuta maisha. Nikamuambia, "Ingia, hapa ni kwa dada yako." Nikamupa chumba kikubwa. Mpaka hapo nilikuwa muntu muzuri.

Lakini mu salon, pembeni ya dirisha, kulikuwa kiti moja ya mbao yenye Espe alikuwa anakaliaka. Hakuna muntu aliyeikalia tangu alipoenda. Siku ya pili narudi kutoka masomo, nakuta Sifa, mutoto wa mwisho wa Vumilia, miaka ine, amekaa juu yake anakula muhindi ya kuchoma, miguu inacheza hewani. Ningesema tu: "Sifa, toka hapo." Maneno matatu! Lakini nikaona haya kumutoa mutoto kwenye kiti kwa ajili ya muntu mwenye hayuko, na badala ya kusema maneno matatu nikaenda sokoni kununua triplex.

Zile mbao za triplex munazijua, nyembamba, unaweza kuzikunja na mikono. Nikapima salon na kamba, nikaikata katikati: upande wa barabara wao, na mulango mukubwa; upande wa dirisha mimi, na kile kiti, nikipitia mulango wa jikoni. Juu nikapiga misumari kwenye plafond. Chini, ciment ilikataa musumari, basi nikasukuma kabati ya vyombo upande wangu ili ishikilie. Vumilia alisimama ananiangalia kazi yote.

"Shemeji, tumekukosea kitu?"

"Hapana, hapana. Ni kwa ajili yenu, mupate nafasi yenu." (Nafasi! Nimewanyanganya nusu ya salon na bado nangojea wanishukuru.)

Na ile ukuta ilinifurahisha, siwafiche. Watoto watatu upande wa pili, na sisikii hata kikohozi. Nikawaza, kumbe triplex njo mali. Basi, kwa sababu niliamini niko peke yangu, nikaanza kufanya vitu vyenye muntu anafanya akiwa peke yake: kila jioni natengeneza chai, natia mu vikombe viwili, kimoja changu, kingine naweka juu ya kiti ya Espe, na namuelezea habari ya siku, prefe, mukubwa wa shule, amesema nini, nani amezaa, mwanafunzi gani ameandika upuuzi gani. Kwa sauti ya kawaida kabisa, na mahali fulani nacheka.

Sasa mu barabara yetu kuko shirika, ni kusema wakristo majirani wenye wanasali pamoja kila juma, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Zamu ikafika kwangu. Tangu mazishi nilikuwa nawakimbia, kwa sababu walikuwa wananiangalia na yale macho ya huruma, na mimi macho ya namna ile inanichosha kuliko kazi. Nikamuambia Vumilia, "Uwapokee wewe. Mimi nitakuwa shuleni nasahihisha kopi za wanafunzi."

Siku ya Mungu, jumapili, kusahihisha kopi! Mulango wa masomo ilikuwa na kufuli, hata mbuzi wa pale wanajua. Nikatembea tu kando ya ziwa, mvua ikanipiga mpaka mufupa, nikarudi mapema, nikaingia polepole kwa mulango wa jikoni nikiwaza, nitajificha upande wangu mpaka wamalize. Nikavua suruali yenye ilikuwa inatona maji, nikafunga kitenge ya Espe kiunoni, ile ya maua mekundu, nikatengeneza chai, vikombe viwili kama kawaida, nikatia maji ya moto mu beseni niweke miguu. Beseni ikakosa nafasi. Nikasogeza kabati kidogo.

Kidogo tu.

Wakaingia wakiimba. Nikasikia mabanki ya kukalia ikipangwa, watu wakikaa, wengine mugongo wao karibu kabisa na ukuta, nikashika kikombe bila kupumua. Mama Jeanne, kiongozi wa shirika, akasali kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya wenye wamekimbia, kisha akasema, "Na tumuombee Mwalimu wetu, hayuko hapa leo sababu ya kazi." (Nikainamisha kichwa.) "Na dada yetu Espe. Ee Bwana, umupe raha ya milele."

"Na mwanga wa milele umuangazie!"

Ni mimi. Nilijibu na sauti yangu ya darasani, yenye inafika mpaka banki ya nyuma, mbele hata ya wengine kufungua kinywa.

Mabanki ikalia, watu wanageuka huku na huku.

"Nani amejibu?" Mama Jeanne akauliza.

"Imetoka mu ukuta," akasema Papa Deo. Huyu Papa Deo ni muvuvi, mikono kama makasia, na akageuka kuweka sikio yake kwenye triplex, na si sikio tu, akaweka mwili yote. Misumari ikatoka juu moja moja, pa, pa, pa, na ukuta ikalala upande wangu na Papa Deo juu yake, mukono mumoja ndani ya beseni.

Na watu wote wakaniona. Kitenge ya maua, shati imeloa, miguu mu maji, kikombe mukononi, na kikombe cha pili kinatoa moshi juu ya kiti yenye haina muntu.

"Masomo ilifungwa mapema," nikasema.

Hapo njo walicheka. Walicheka mpaka Mama Jeanne akajifuta macho na kitambaa yake ya kichwa, na mimi, kwa sababu muntu akiaibika anatafuta mwenye kosa, nikamugeukia Vumilia: "Muliniacha nijidanganye hapa! Mulikuwa munanichungulia!"

Yeye hakucheka. "Hatukuchungulia, Shemeji. Tunasikia tu. Tangu siku ya kwanza."

"Munasikia nini?"

"Yote. Kila jioni nawaambia watoto wanyamaze, Papa Mukubwa iko anaongea na Mama Mukubwa."

Kumbe ile kimya haikukuwa ya triplex. Ilikuwa yao.

Kisha akakaribia, akaangalia kile kikombe, akasema polepole, lakini wote walisikia: "Usinikasirikie, Shemeji. Dada hakukuwa anapenda chai. Sisi wa Kirolirwe tulikomaa na maziwa, chai ilikuwa inamuumiza tumbo. Aliniambia anaikunywa kwa sababu wewe unafurahi kuitengeneza."

Miaka makumi mbili na saba nilimutilia chai. Nikageuka kwenye kiti nimuulize kama ni kweli, kinywa ilikuwa imeisha kufunguka, na hapo, mbele ya shirika nzima, njo nikaelewa kwamba mwenye ningemuuliza hayuko. Siku ya mazishi sikuielewa vile.

Papa Deo akabeba triplex inje. Maombi ikaendelea, na mimi katikati yao na kitenge, kwa sababu hakuna muntu aliwaza kunipa dakika ya kuvaa suruali. Kesho yake darasani nilikuwa nimeisha kupata jina: Mwanga wa Milele. Wananiita vile mpaka leo wakiwaza sisikii.

Jioni zenye zilifuata, Vumilia alinielezea mambo ya Espe, vile alikuwa anapanda miti kama kijana mwanaume, vile alilia siku tatu mbele ya ndoa yetu kisha akacheka siku ya ndoa. Tulipata juma tatu tu. Bwana yake akatuma habari, wakaenda Walikale. Nilikuwa na muntu chini ya mabati yangu mwenye alimujua bibi yangu tangu utoto, na kitu ya kwanza nilimufanyia ni kumuwekea ukuta.

Sasa salon ni nzima, metre tano kwa ine, yote yangu, naweza kupanga viti namna nataka. Napanga, napangua. Lakini nimeapa: muntu akija tena kukaa hapa, awe nani, sitagusa nyundo. Ataingia, atakaa mahali roho yake inataka, na kama ana watoto, wapige kelele. Wapige sana, mpaka mimi mwenyewe nitoke chumbani kuuliza kuko nini.