Niliandikisha Bei ya Chakula, Sasa Hagusi Sinia

Mhariri, ukurasa wako nausoma kila mwezi na kuwacheka wenzangu. Leo ni zamu yangu. Jina langu lifiche, maana Malindi ni ndogo na halua yangu inajulikana kuliko sura yangu.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na miwili. Marehemu mume wangu aliniachia jiko la halua na fundi wake, kijana wa Pemba nitakayemwita Shaame. Miaka sita sasa ndiye ashikaye mwiko. Analala chumba cha uani na kula sinia moja na wanangu wawili. Mshahara wake ni mdogo, sikatai, lakini akiugua namtibu, na kila Idd namshonea kanzu kama wao.

Kwa kuwa si raia wa Kenya, mimi ndiye ninayemwombea kibali cha kazi. Haijawahi kunisumbua. Mwaka huu tukasikia kuna sheria inapendekezwa: ukimwajiri mgeni, umlipe mshahara wa fundi kamili, tena taslimu, la sivyo kibali hapati. Chakula na malazi havihesabiwi. Bado haijapita, ila karani anayetujazia fomu alinishauri nisingoje.

"Bibi, tuandike mshahara mkubwa," akasema. "Kisha kwenye mkataba wenu tukate gharama ya chumba na chakula. Mkononi atapata kile kile."

Sikupendezwa, lakini bila Shaame halua yangu ni uji. Karani akapiga taipu: chumba, chai ya asubuhi, chakula cha mchana, cha jioni, kila kimoja na bei yake. Nami mjinga nikampelekea Shaame karatasi ile kwa furaha.

"Hii ndiyo itakayokubakisha, mwanangu."

Akaisoma polepole. "Na kanzu ya Idd, mama?"

"Hiyo haimo."

Akatia sahihi, akarudi jikoni.

Kesho yake sinia likatengwa, hakuja. Nilimkuta nje ya duka na mkate wa kununua. Nikamwita, akasema ameshiba. Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu. Mwanzo nilikasirika, nikamsema mbele ya wateja kwamba ana kiburi, nani amemfukuza? Hilo nalijutia mpaka leo.

Sikukuu ya Idd alikuja kunipa mkono, amevaa kanzu ya mwaka jana. Mpya niliyomshonea ilikuwa bado imekunjwa mahali nilipomwekea. Nikampakulia pilau, nikamwambia aketi na wenzake. Akabaki amesimama.

"Mama, ya leo imo kwenye karatasi?"

Hakuwa akinikejeli. Aliuliza kwa adabu, kama mtu aulizaye bei kwenye nyumba asiyoizoea. Nikaingia ndani nikalia.

Wasomaji, fomu zinapelekwa Mombasa wiki ijayo. Kumlipa mshahara ule kikweli siwezi, hata nikifunga mkaja nikalala njaa. Nikiichana karatasi na fomu nisizipeleke, kibali chake kikiisha atarudi kwao Pemba. Nikizipeleka, atabaki kwenye mwiko wangu na ataendelea kula mkate wake nje. Wanangu wananiambia nipeleke tu, ati atazoea. Mimi ndiye ninayemwona akila.

Nishaurini, nifanye nini? Nimwache aende akiwa mwanangu, au nibaki naye akiwa mpangaji?