Mafuriko Tuliyoyaonea Wivu

Juzi televisheni ilionyesha filamu za zamani za vimbunga na mafuriko ya pwani, nikakumbuka mchana ule gari la sinema lilipokuja kijijini kwetu Handeni, mwaka wa ukame. Ghala la kijiji lilizibwa madirisha kwa magunia ili kuwe giza, likanuka vumbi na jasho. Maji yalipofunika nyumba za watu kwenye shuka jeupe walilotundika ukutani kuonyeshea picha, dada yangu alichukua kibuyu akachungulie nyuma yake.

"Mama, wenzetu wana maji mpaka mlangoni!" nilisema kwa wivu.

"Nyamaza we, wale wanakufa."

"Wafe na maji yote yale?"

Sasa najua kwamba maji yale yaliua, na wivu bado ninao. Wale walipigwa picha. Mwenyekiti wa kijiji Semkiwa alipochoma nyumba yetu ya mtoni, watu walipolazimishwa kuhamia vijijini, ili tuhamie huku kukavu, nani alileta kamera?