Darasa la Wageni

Mwaka wangu wa kwanza katika ile shule ya kimataifa, upande wa Kilifi, sikuweza kutulia. Nilikuwa nimetoka kufundisha Kiswahili shule ya serikali mjini Malindi, darasa limejaa mpaka mlangoni, sauti ikinikauka kabla ya mapumziko. Huku nilikuwa na wanafunzi kumi na wawili, kiyoyozi kikinguruma, na nje ya dirisha bwawa la kuogelea. Ukimya ule ulinitia wasiwasi. Nilizunguka darasani hata mtoto mmoja wa Kizungu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kiswahili kilikuwa na madarasa mawili, na yote nilifundisha mimi. Moja la wenye lugha, wanaosoma hadithi na kuandika insha. Jingine la wageni, wanaoanza na salamu, rangi na bei za sokoni.

Katika hili la wageni alikuwamo binti mmoja ambaye baba yake ni Mtaliano mwenye hoteli ndogo Malindi, na mama yake ni Mgiriama wa Vitengeni. Siku ya kwanza niliandika ubaoni, "Habari za asubuhi?" nikamwashiria ajibu.

"Njema, mwalimu. Shikamoo. Lakini hicho kiyoyozi kinavuja, maji yote yananimwagikia mimi."

Wenzake walimtazama kama aliyefanya mazingaombwe.

Kuanzia hapo hakukukalika naye. Alipiga teke miguu ya kiti, alijibu kabla sijauliza, alijichora mikono kwa kalamu. Siku moja tulikuwa tunarudia kwa pamoja, "Ndizi hizi ni bei gani?" akainuka, akatoka. Nilimkuta ukingoni mwa bwawa, miguu majini.

"Mwanangu, mbona umetoka?"

"Mwalimu, mimi ni mgeni wa nani?"

Nilimrudisha darasani. Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Akaniambia wazazi ndio waliochagua: mtihani wa wageni ni mwepesi kwake, alama ya juu kabisa ni yake, na vyuo vya ng'ambo hutazama alama. Kama nina neno, niwaite.

Nilikuwa na hakika ni shauri la baba. Wiki nzima nilijitayarishia Kiingereza cha kumkabili nacho. Walipokuja, yule bwana alikaa akichezea funguo za gari, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mambo hii, mama yake najua."

Mama akanitazama usoni. "Mwalimu, Kiswahili anacho. Kigiriama anacho. Mimi niliishia darasa la sita. Sikumleta hapa aje apewe alicho nacho. Nimemleta apate alama."

Maneno yangu yote ya Kiingereza yakaniishia. Nikasema, "Anakisema, mama. Kukiandika bado. Na pale alipo anaumia kwa kukaa bure."

"Na huko kwingine atapata alama ile ile?"

"Siwezi kukuahidi."

Akageukia dirishani. Huko nje watoto walikuwa wakirukia majini wakipiga kelele. "Muhula mmoja," akasema.

Nikamhamishia darasa la wenye lugha, na insha yake ya kwanza nilimrudishia imejaa wino mwekundu. Akaipiga mezani. "Nimekosea wapi? Kwetu ndivyo tunavyosema!"

"Ndivyo mnavyosema. Sasa jifunze kuandika."

Akaiandika upya, kisha tena. Mguu wake haukuacha kutikisika chini ya meza, na kila sahihisho tulilibishania, mara nyingine nikashindwa mimi. Lakini hakutoka tena darasani. Muhula ukaisha, mama hakuuliza kitu, ukaanza mwingine.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, alipata alama nzuri. Haikuwa ya juu kabisa. Mama yake akanipigia simu.

"Ile ya juu ilikuwa yake, mwalimu."

"Ndiyo, mama."

"Haya." Nilidhani atakata. Hakukata. "Juzi tulimzika baba yangu. Wasifu wa marehemu aliuandika mjukuu wake, kwa Kiswahili, akausoma mbele za watu. Wazee wakauliza, huyu ni mtoto wa nani?" Akavuta pumzi. "Lakini chuo alichokitaka hakijamjibu."

Sikujua nimpe pole au hongera. Nikampa pole ya msiba.

Chuo kile hakikumchukua. Kama ni kwa sababu ya alama ile au kwa sababu nyingine, sijui, na hakuna aliyeniambia. Alikwenda kingine, nchi nyingine, na nasikia anaendelea vizuri. Mimi bado nafundisha pale pale. Kila Septemba wazazi huja kuchagua darasa. Nawaeleza yote mawili, alama na lugha. Kisha nawaacha waseme wao.