Shimo Kando ya Ulezi

Nimezurura miji mingi, na karibu kila mji nakuta bango la mtume aliyetumwa kulifufua kanisa. Juzi nimeona jingine Majengo, nikakumbuka mchana ule kwetu Malangali.

Mtume wa kwanza kufika kwetu alimbatiza mama upya mtoni, akamkataza kusali na jumuiya ya Wakatoliki wenzake. Kisha mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya, akafa kwa homa. Kwenye misiba jumuiya ilizoea kuleta unga, kuni na nyimbo. Siku hiyo nilisikia upepo tu. Nilidhani majirani wamenyamaza ili mtoto asiamke. Leo najua walikuwa wamemsusa mama.

"Mtume atakuja kumzika," mama alisema.

"Mtume wako yuko Mpanda, anafufua wengine," bibi alimjibu.

Baba alichukua jembe, akaenda kuchimba peke yake kando ya shamba la ulezi. Udongo mbichi ulinukia vizuri.

"Baba, tunapanda mparachichi?"

"Ndiyo, mwanangu."

Bibi akanituma kisimani. Niliporudi, shimo lilikuwa limefukiwa na mama amekaa pembeni yake. Nikamwagilia maji yote. Mama alinitazama tu, hakunikataza.